Aliyejivua Gamba Hasongwi

Nyumba za Walimu,
Kilindoni, Mafia.
Jumanne, baada ya vipindi.

Kwa Kaka Yohana,

Kamwene kaka, na shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima wewe, wifi na watoto, na kwamba baridi ya Iringa haijamrudishia wifi kile kifua chake. Mimi mwili ni mzima. Huku joto limeshika, jasho linadondokea karatasi. Ukiona wino umetandaa mahali, usiseme moja kwa moja kwamba nimelia, ingawa mahali pengine ni kweli nimelia.

Kabla hujaendelea kusoma, nakuomba jambo moja. Wiki iliyopita nilikujibu ile barua yako ya kutaka kumtoa mama kijijini umlete kwako. Nilisema ndiyo, mchukue, nyumba ifungwe, nguo za baba zigawiwe watu. Barua ile iliondoka na boti Jumanne iliyopita na sijui sasa iko wapi. Hii inakwenda kwa ndege, mkononi mwa bwana samaki wetu wa wilaya, anayesafiri kesho kwenda Dar. Ameniahidi ataitia posta siku hiyo hiyo. Kama hii imeitangulia ile, basi ile ikifika uichome bila kuifungua. Kama ile ndiyo iliyotangulia, soma hii mpaka mwisho kabla hujamwona mtu wa lori. Ulisema lori ni mwisho wa mwezi, kwa hiyo bado wiki mbili. Kaka, naifuta ile ndiyo yangu. Nitakueleza kwa nini, na najua mwanzoni utacheka, kwa sababu habari yenyewe inaanzia kwa buibui.

Sikuwahi kukuandikia kwamba nafuga buibui. Nilijua ungemwambia wifi, "Tumaini kisiwa kimemwingia kichwani." Mwaka jana walichimba shimo la choo nyuma ya nyumba yangu, wakamtoa buibui mkubwa kama kiganja cha mtoto, mwenye manyoya ya rangi ya dhahabu iliyochafuka. Mchimbaji akainua jembe. Jirani yangu Bi Mwanahawa, mama mmoja mkulima wa mwani ambaye ua wake umepakana na wangu, akapiga kelele: "Usimwue huyo! Ndiye aliyemsitiri Mtume pangoni!" Mchimbaji akashusha jembe pale pale. Baadaye Bi Mwanahawa alinieleza kwamba Mtume alipokuwa akifukuzwa na maadui, buibui alitanda utando wake mdomoni mwa pango, maadui wakaona hapajaingia mtu, wakapita. Kwa hiyo hapa buibui hauawi ovyo.

Nikamchukua. Nilijiambia ni kwa ajili ya somo langu la bayolojia, lakini ukweli ni kwamba nilitaka kitu kinachopumua ndani ya nyumba. Nilikuwa na sanduku la kioo la mtafiti mmoja wa hifadhi ya bahari, aliyekuwa akiwekea visamaki mpaka likapasuka, likawa halishiki tena maji. Nikatia udongo, nikamwingiza, nikamwita Mpangaji. Siku moja nilimwambia Bi Mwanahawa, "Buibui langu halitoki ndani siku hizi." Akaniuliza kama limechanika, anishonee. Alidhani nasema lile vazi jeusi wanalojitanda wanawake wa huku. Alicheka mpaka akakaa chini. "Sema buibui wangu hatoki, mwalimu! Wewe Mbena utaniua!" Tangu siku hiyo kila akinisikia napita huuliza, "Buibui lako halijambo?"

Mpangaji alikuwa mpole. Jioni hukaa mdomoni mwa shimo lake, miguu miwili nje, kama mzee anayeota jua. Nikimwekea mende humkamata mara moja. Nikimbadilishia maji hasogei. Niliporudi kutoka msibani kwetu, yeye ndiye niliyekuwa nikimsimulia. Unakumbuka bahari ilichafuka, vyombo havikuondoka, nikafika nyumbani siku ya nne mmeshamsitiri baba. Sijawahi kukulaumu kwa hilo na sikulaumu leo. Lakini jambo hilo halijanitoka.

Sasa basi, kama mwezi mmoja uliopita Mpangaji alibadilika. Aliacha kula. Mende anapita mbele yake, yeye anajisogeza pembeni. Tumbo lake likawa na kipara, na ule upara ukawa mweusi unaong'aa. Wiki mbili zilizopita akawa hatoki hata jioni. Wiki hiyo hiyo ndipo ilipofika barua yako. Uliandika kwamba mama hali mbele ya watu, anafunga mlango mchana, amekataa kwenda kwenye umoja wa kina mama kanisani, na kwamba wifi alipompelekea uji aliambiwa maneno ambayo hukutaka hata kuyaandika. "Mama amekuwa mkali, si yule tunayemjua," ulisema. Niliisoma mara mbili nikakubaliana nawe. Niliona dawa ni kumtoa kwenye nyumba ile, awe katikati ya wajukuu, achangamke. Nikaandika ndiyo. Haikunichukua hata nusu saa.

Boti ikaondoka na barua Jumanne. Jumatano nilirudi shuleni saa nane mchana, nikamkuta Mpangaji amelala chali, miguu yote nane juu, hatikisiki.

Hapa lazima nikueleze habari ya Bi Mwanahawa. Mumewe alifariki miezi miwili iliyopita, na tangu hapo yumo edani. Kwa Waislamu mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki kwenda shughulini, hajipambi, hajitii manukato. Mwani wake unashughulikiwa na binti yake. Kwa hiyo mazungumzo yetu siku hizi ni ya kupitia ukuta wa makuti, yeye uani kwake, mimi kwangu, hatuonani ila sauti. Nilikwenda pale ukutani nikiwa nalia kama mtoto.

"Bi Mwanahawa! Mpangaji wangu amekufa!"

"Amefanyaje?"

"Amelala chali, miguu juu, hatikisiki kabisa."

"Lahaula! Msitiri, mwalimu. Msitiri upesi, jua lisimpige."

Kaka, wewe ungesikia nini? Kwetu, aliyefariki ndiye anayesitiriwa. Nikaona mama wa watu, pamoja na msiba wake, amenielekeza kwa heshima nikamzike. Nikachukua jembe, nikachimba kishimo chini ya mpapai. Nikamtoa Mpangaji na kijiko cha mchuzi, nikamlaza juu ya jani la mgomba kama alivyokuwa, chali. Nikamwagia udongo ukofi wa kwanza, nikamwagia wa pili. Kabla ya ule wa tatu nikaona mguu mmoja umejikunja taratibu, kama kidole cha mtoto aliyelala.

Ng'ambo ya ukuta Bi Mwanahawa akauliza, "Mbona nasikia jembe?"

"Namsitiri!"

"Kwa jembe?" Sauti yake ilipanda. "Mwana wee, nimekwambia umfunike! Mfunike kanga, umwache, huyo anajivua gamba!"

Nilimfukua kwa vidole. Nikamrudisha sandukuni, nikafunika kioo kwa kanga, nikakaa sakafuni. Baada ya saa moja na kitu niliinua pindo la kanga nikachungulia. Gamba lilikuwa limepasuka, naye anachomoa miguu mmoja mmoja, kwa taabu, anapumzika, anachomoa tena. Alipomaliza palikuwa na buibui wawili. Mmoja mtupu, mwenye kila kitu mpaka manyoya na meno, na ndani hamna mtu. Wa pili alikuwa amepauka, amelegea, na meno yake meupe kama punje za mchele.

Na mimi ndiye mwalimu wa bayolojia. Nimelichora gamba hilo ubaoni kwa kidato cha pili, nikawatungia na mtihani. Nilipoliona kwa macho nilichukua jembe.

Bi Mwanahawa alinifundisha jioni ile kupitia makuti, bila kunicheka. "Kaa wa pwani naye ndivyo alivyo. Akishavua gamba huwa laini, hata kisamaki humtafuna. Hujifukia, hataki mtu. Ukimkuta anakunyanyulia magando, lakini magando yenyewe hayana nguvu, ni woga tu. Mwache mpaka agande."

"Siku ngapi?"

"Hizo azijua mwenyewe."

Jibu hilo sikulipenda. Unanijua, kaka, mimi nataka siku zihesabike. Alhamisi Mpangaji alijichimbia ndani kabisa, akaziba mdomo wa shimo kwa utando mzito mweupe. Ijumaa nilipopeleka maji alitoka nusu, akainua miguu ya mbele juu kunitisha. Mpangaji, ambaye mwaka mzima hajawahi kuninyanyulia hata mguu mmoja! Nitakuambia kweli, iliniuma. Nilisema moyoni, nimekufukua kaburini kwa mikono yangu na hizi ndizo shukrani. Nikaona pia amekonda, tumbo limekuwa dogo. Kwa hesabu yangu alikuwa hajala wiki tano. Nikasema anakufa na njaa kwa ukaidi wake.

Jumamosi nikachukua rula ya darasani, nikauchana ule utando. Nikakamata mende mkubwa, mzima, mwenye nguvu, nikamsukumia ndani ya shimo. Nikasema, utake usitake leo utakula. Nikafunika sanduku, nikaenda mazoezi ya kwaya.

Jumapili nilipotoka kanisani niliangalia. Mende alikuwa mzima, anatembea juu ya udongo amenenepa. Mpangaji alikuwa pembeni amejibana, ana tundu tumboni linalotoa maji maji, na mguu mmoja umetafunwa. Yale meno meupe hayakuweza hata kumtoboa mende. Alikuwa ameletewa adui ndani ya nyumba yake, na mlango aliojizibia nimeuvunja mimi. Nilimtoa mende, nikapaka unga wa muhogo kwenye lile tundu, nikafunika kanga. Jana asubuhi nilimkuta amelala kifudifudi, miguu yote ameikunjia chini ya kifua. Sasa najua kwamba buibui aliyekufa hulala hivyo. Yule wa chali alikuwa hai.

Msiba wa kujitakia hauna kilio, husema watu, lakini mimi nililia. Bi Mwanahawa alinisikia akaja ukutani. Nikamweleza yote. Nilitegemea aniambie pole, ni mdudu tu. Yeye akasema:

"Mwalimu, mimi mwanangu mkubwa yuko Bwejuu. Siku ya tatu tu baada ya maziko alitaka anichukue nikakae kwake. Mtoto mwema, ana huruma. Ndugu wa marehemu wakamwambia, mama yako yumo edani, atatoka nyumba ya mumewe akimaliza. Nilimshukuru Mungu. Siku zile mtu akigonga kikombe naona kanigonga mimi. Mjukuu akinipandia mapajani naona ngozi yanibanduka. Wangenisonga ningewauma."

"Lakini si ungekuwa na watu wa kukuliwaza?"

"Watu ninao. Wanaleta chakula, wanaweka hapo mlangoni, wanasema hodi, wanakwenda zao. Nikitaka nawaita. Huko ndiko kusitiriwa." Kisha akaniuliza, wala si kwa ubaya: "Ninyi kwenu husitiriwa aliyekufa tu? Aliyebaki je?"

Nilisimama pale na leso yangu nikiwaza ile barua inayokwenda na boti.

Usiniambie namfananisha mama na mdudu. Mama ni mama, na yule alikuwa buibui wa shimoni. Lakini mikono yangu ni ile ile, na huruma yangu ni ile ile, na nimeona inavyofanya kazi. Kuna jambo sijakuambia. Zile siku tano nilizokaa nyumbani, nilimkuta mama jikoni na koti la baba la baridi, amelishika mapajani, moto umezimika. Nililichukua, nikalikunja, nikamwambia, "Mama, yatosha sasa." Akaninyang'anya, akasema, "Toka." Neno moja tu. Hajawahi kuniambia neno hilo tangu nizaliwe. Niliumia, na badala ya kukaa na maumivu yangu nikaenda kumwambia wifi kwamba mama amekuwa mkali. Kwa hiyo neno hilo "mkali" lilitoka kwangu. Mimi ndiye niliyelianzisha, wifi akalichukua, wewe ukaliandika, nami likanirudia kwenye barua yako nikalipokea kama habari mpya.

Mama ameishi na baba tangu akiwa binti wa miaka kumi na minane. Ngozi hiyo yote imemtoka siku moja. Sisi tukafika na uji, na umoja wa kina mama, na lori.

Wewe ni mkubwa wangu, na baada ya baba wewe ndiye baba. Ila mkubwa naye huambiwa. Naomba nyumba isifungwe. Nguo za baba asiziguse mtu, wala tanga lisianuliwe kwa sababu tu ninyi mna likizo. Shangazi yuko karibu, amchotee maji na kuni aziweke barazani. Wifi akipeleka chakula, nampenda wifi yangu lakini mwambie asikae kumtazama mama akila. Mtu hawezi kumeza huku anahesabiwa matonge. Aweke, aseme hodi, aende. Mama akifoka, wifi asiliweke moyoni. Hayo ni magando tu, na nadhani hata mama mwenyewe yanamwogopesha.

Inawezekana pia nimekosea upande wa pili. Inawezekana mama anatamani kuja kwako, na nyumba ile inamwua. Mimi sijui. Wewe nawe hujui, kaka, hata kama unaamini unajua. Katika barua zetu zote, yako na yangu, nimetafuta mahali tulipoandika "mama amesema" nikakosa. Kuna "mama amekuwa", "mama hataki", "mama inabidi". Tulipanga safari ya mtu mzima mwenye akili zake kama tunapanga kuhamisha kabati.

Habari nyingine za huku si nyingi. Mitihani ya muhula inaanza wiki ijayo na chaki zimekwisha. Watu wa hifadhi wamezuia tena nyavu za kukokota, basi kila barazani ni mabishano. Bi Mwanahawa amenipa samaki wa kukausha nikuletee, lakini bwana samaki amekataa kubeba, anasema atanuka ndege nzima, yeye ambaye kazi yake ni samaki.

Nisalimie wifi, umwambie ile habari ya "mkali" nimeichukua mimi, asijisikie vibaya. Nisalimie watoto wote na yule mdogo anayeanza kusimama. Baba mdogo aliyepiga misumari ya sanduku la baba mpe shikamoo yangu, na shangazi pia, mwambie namtegemea kwa yale maji. Mchungaji na mkewe wasalimie, na uwaombe wampe mama nafasi. Atarudi kanisani kwa miguu yake.

Ukurasa unaofuata, wa mwisho, si wako. Naomba uende kijijini mwenyewe, usimtume mtu, ukamsomee mama. Usiingie ndani. Kaa barazani, sema hodi, msome kwa sauti ukiwa hapo hapo nje, na usiongeze neno lako.

Ni mimi mdogo wako,
Tumaini.

Mama, kamwene.

Ni Tumaini. Kaka Yohana ndiye anayesoma, lakini maneno ni yangu. Kaka aliniuliza habari ya nyumba yako nikajibu mimi, kama vile wewe huna mdomo. Nimekosa, mama, nisamehe.

Sasa nakuuliza wewe. Unataka kukaa wapi?

Kaka ana kalamu. Ukimjibu kwa maneno mengi atayaandika yote. Ukisema neno moja ataandika hilo hilo. Ukisema bado hujui, ataandika bado hujui, na hakuna atakayekuja na lori. Na ukinyamaza, ataandika kwamba alikaa mlangoni pako na ulinyamaza, kisha ataondoka taratibu, nasi tutangoja.

Mwanao.